Kosa la ngumi na kosa la kalamu katika mpira wa vikapu wa kulipwa

Usiku wa Desemba 9, 1977, katika ukumbi wa The Forum mjini Inglewood, California, mchezaji wa Los Angeles Lakers aitwaye Kermit Washington aligeuka ghafla na kumpiga ngumi ya uso Rudy Tomjanovich wa Houston Rockets. Tomjanovich hakuwa amemgusa. Alikuwa akikimbilia mahali palipozuka ugomvi kati ya Washington na mchezaji mwingine wa Houston, Kevin Kunnert, kwa nia ya kuwaamua. Ngumi hiyo ilimvunja mifupa ya uso na kupasua fuvu, hata majimaji yanayozunguka ubongo yakawa yanamvujia mdomoni. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa na hakucheza tena msimu huo.

Kila inaposimuliwa historia ya utovu wa nidhamu katika ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, tukio hilo hutajwa miongoni mwa ya kwanza. Halitajwi sana jambo alilotenda mtu huyo huyo miaka mingi baadaye, jambo lililotumia jina la Afrika, na la jiji la Nairobi miongoni mwa mahali palipotajwa, kujipatia fedha. La kwanza lilitendwa kwa ngumi mbele ya kamera. La pili lilitendwa kwa kalamu, ndani ya ofisi, wala hakuna aliyelipiga picha. Tofauti ya makosa hayo mawili ndiyo inayoeleza vizuri zaidi jinsi mpira wa vikapu wa kulipwa unavyolinda sura yake mbele ya umma, na mahali ulinzi huo unapopwaya.

Kamishna wa NBA wakati huo, Larry O'Brien, alimtoza Washington faini ya dola 10,000 na kumfungia kwa siku 60, jambo lililomkosesha mechi 26. Haikuwa imewahi kutolewa adhabu kali kiasi hicho kwa kosa la uwanjani. Hata hivyo, miezi miwili tu iliyotangulia, nyota wa Lakers hao hao, Kareem Abdul-Jabbar, alikuwa amempiga ngumi Kent Benson wa Milwaukee katika mechi ya kwanza ya msimu. Yeye alitozwa faini ya dola 5,000 na hakufungiwa hata mechi moja. Aliuvunja mkono wake mwenyewe katika kupiga, na pengine wakubwa wa ligi waliona kwamba mkono huo ulikwisha kumwadhibu.

Waliofuatilia mambo hayo hawakukosa kutambua kwamba Washington alikuwa mtu mweusi na Tomjanovich mtu mweupe, na kwamba picha ya ngumi ile ilirudiwa katika televisheni usiku baada ya usiku. Washington alipokea barua za matusi na vitisho. Kabla ya mwaka kwisha Lakers walikuwa wamemhamishia Boston. Mwaka wa 1979 baraza la wazee wa mahakama lilimpa Tomjanovich fidia ya zaidi ya dola milioni tatu dhidi ya klabu ya Lakers, kiasi kilichozidi hata alichoomba, na baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Ligi nayo ilijaribu kuongeza mwamuzi wa tatu katika msimu wa 1978-79, ikaacha kwa sababu ya gharama, kisha ikamrudisha moja kwa moja miaka kumi baadaye.

Hofu ya ligi ilikuwa na msingi. Mwishoni mwa miaka ya sabini NBA haikuwa tajiri kama ilivyo leo. Mechi iliyoamua ubingwa wa mwaka wa 1980 ilionyeshwa sehemu nyingi za Marekani usiku wa manane, tena kwa mkanda uliorekodiwa, kwa sababu kituo cha televisheni hakikutaka kuacha vipindi vyake vya kawaida. Habari za wachezaji kutumia kokeini zilikuwa zimeenea. Mwaka wa 1983 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana juu ya kanuni za dawa za kulevya, na mwaka wa 1986 Micheal Ray Richardson, aliyekuwa mchezaji mahiri, akafungiwa kwa kuzivunja mara tatu. David Stern, aliyechukua ukamishna mwaka wa 1984, aliijenga biashara yote juu ya wazo kwamba mtazamaji hununua mchezaji kabla hajanunua mchezo. Ikiwa mchezaji ndiye bidhaa, basi doa katika shati lake ni hasara ya duka zima.

Washington alistaafu akiwa bado anaitwa mtu wa ngumi. Katika miaka ya tisini alianza kujishughulisha na misaada barani Afrika, akaanzisha wakfu uliojulikana kama Project Contact Africa. Kwa miaka mingi magazeti ya Marekani yalimweleza kama mtu aliyekuwa akilipia dhambi ya ujana wake kwa kuwahudumia maskini. Ilikuwa hadithi tamu, na wahariri huipenda hadithi ya aina hiyo.

Mwezi Mei 2016 alikamatwa. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba Washington alikuwa akiwapeleka wanamichezo wastaafu kwa wakili mmoja, Ron Mix, ambaye naye alikuwa mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani, ili awadaie fidia ya majeraha waliyoyapata kazini. Wakili huyo alitoa malipo kwa wakfu, yakiandikwa kuwa sadaka, kisha akayatumia kujipunguzia kodi. Wafadhili waliambiwa kwamba fedha zote zinawafikia wahitaji wa Afrika. Sehemu kubwa iliishia katika matumizi ya Washington mwenyewe, safari na vito vikiwemo. Mix alikiri kosa la kodi mwaka wa 2016. Washington alikiri makosa yake Novemba 2017, likiwemo la kutumia utambulisho wa mtu mwingine, na Julai 2018 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Missouri ikampa kifungo cha miaka sita gerezani.

Siku 60 kwa ngumi, miaka sita kwa kalamu. Mahakama ilipima uzito. Umma haukupima vivyo hivyo, kwa maana hata habari za hukumu ile ziliandikwa zikianza na ngumi ya 1977, na waliodhulumiwa kwa kalamu hawakutajwa hata kwa idadi.

Katika kaunti ya Wajir, ambako eneobunge la Tarbaj limo, jambo hili halihitaji kufafanuliwa sana. Ni nchi ya ukame, nayo imeona magari ya misaada yakija na kuondoka tangu kabla ya wengi wa wakazi wake kuzaliwa. Mtu anapochangisha fedha ng'ambo kwa jina la mwenye njaa, mwenye njaa huyo haulizwi, wala hapewi hesabu. Anaponyimwa kilichochangwa kwa jina lake, hajui kwamba amenyimwa. Aliyepigwa ngumi usoni angalau anajua ni nani aliyempiga.

Mabadiliko makubwa zaidi ya kulinda sura ya mchezo yalitokana na vurugu za Novemba 19, 2004, katika ukumbi wa The Palace mjini Auburn Hills, Michigan. Indiana Pacers walikuwa mbele kwa pointi 97 dhidi ya 82 za Detroit Pistons, na sekunde zisizofika 46 zilikuwa zimebaki. Ron Artest wa Indiana alimchezea vibaya Ben Wallace, naye Wallace akamsukuma kwa nguvu. Wachezaji waliamuliwa. Artest akaenda kujilaza chali juu ya meza ya wasimamizi wa mechi, kana kwamba anapunga hewa. Hapo ndipo shabiki mmoja alipomrushia gilasi ya kinywaji. Artest aliruka na kuingia kwenye viti vya mashabiki akimtafuta aliyemrushia, na akamkamata mtu mwingine asiyekuwa na hatia. Wenzake walimfuata. Mashabiki nao wakashuka uwanjani.

Stern aliwafungia wachezaji tisa kwa jumla ya mechi 146. Artest alifungiwa msimu wote uliobaki, na kwa kuhesabu mechi za mchujo akazikosa 86. Stephen Jackson alipewa 30, Jermaine O'Neal 25 ambazo msuluhishi alizipunguza kuwa 15, na Wallace sita. Miongoni mwa waliopata mechi moja moja alikuwemo Chauncey Billups wa Detroit, jina ambalo msomaji atalikuta tena hapo chini. Mashabiki kadhaa walishtakiwa. Uuzaji wa pombe ulipigwa marufuku baada ya robo ya tatu kumalizika, na ulinzi kati ya viti na uwanja ukaongezwa.

Hayo yote yalikuwa na maana. Lililofuata ndilo lililozua mjadala. Oktoba 2005 NBA ilitangaza kanuni za mavazi, ikiwa ligi kubwa ya kwanza ya Marekani kufanya hivyo. Mchezaji aliyekuwa katika shughuli za timu au za ligi alitakiwa kuvaa nadhifu kama mtu wa ofisini. Minyororo na vidani juu ya nguo, vitambaa vya kichwani, miwani ya jua ndani ya jengo na jezi za michezo mingine vilikatazwa. Allen Iverson, aliyekuwa na mtindo huo kuliko wote, alilalamika kwamba kanuni hizo zinalenga vijana wa aina yake na kwamba suti haibadilishi tabia ya mtu. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Artest hakuingia kwenye viti vya Auburn Hills akiwa amevaa kidani. Alikuwa amevaa sare rasmi ya ligi.

Mavazi yamewahi kutumiwa vivyo hivyo katika ngazi ya dunia, na safari hii waliozuiwa walikuwa wasichana wasio na kosa lolote. Shirikisho la kimataifa, FIBA, lilikuwa na kanuni iliyokataza vazi la kichwani katika mechi zake, na kwa sababu hiyo mchezaji Mwislamu aliyevaa hijabu hakuweza kuiwakilisha nchi yake. Kanuni hiyo ilibadilishwa Mei 2017 na mabadiliko yakaanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo. Kwa msichana wa shule huko Tarbaj au Garissa, maana yake ni kwamba hadi wakati huo mlango wa mashindano ya kimataifa ulikuwa umefungwa kwake kabla hajajifunza hata kudunda mpira.

Tabia ya kuwabebesha wengi mzigo wa wachache haiko michezoni tu. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ya Kenya ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, na familia nyingi za kaskazini mashariki zisizohusika kwa lolote zikakatiwa njia ya kupokea fedha kutoka kwa jamaa zao hadi leseni zilipoachiliwa. Mantiki ni ileile, ijapokuwa hasara yake hailingani kabisa na ya kidani kilichovuliwa.

Artest mwenyewe hakubaki pale alipoachwa na picha za mwaka wa 2004. Alipotwaa ubingwa na Lakers mwaka wa 2010 alimshukuru daktari wake wa akili mbele ya televisheni, kisha akaitoa pete yake ya ubingwa ishindaniwe kwa tiketi ili fedha zisaidie huduma za afya ya akili. Mwaka wa 2011 alipewa tuzo ya NBA ya uraia mwema, na katika mwaka huo huo akabadilisha jina na kuwa Metta World Peace, yaani jina lenye maana ya upendo na amani ya dunia. Wengine walicheka. Lakini kati ya wote waliofungiwa usiku ule, ndiye aliyesema hadharani kwamba alikuwa mgonjwa na alihitaji matibabu.

Hapa Afrika, ligi ya bara inayoendeshwa na NBA kwa ushirikiano na FIBA, yaani BAL, ilianza mjini Kigali mwaka wa 2021. Kesi yake mashuhuri zaidi ya nidhamu haikuwa na ngumi wala matusi. Machi 2024, mjini Pretoria, klabu ya Dynamo ya Burundi ilicheza mechi yake ya kwanza ikiwa imefunika kwa utepe maneno ya kuitangaza Rwanda yaliyokuwa kwenye jezi, Rwanda ikiwa mfadhili wa ligi. Uhusiano wa nchi hizo mbili ulikuwa umeharibika, na Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake mwezi Januari. Dynamo walishinda mechi hiyo. Walipotakiwa kuvaa jezi bila utepe walikataa, kwa kuwa wakuu wa nchi yao walikuwa wamewakataza. Walipoteza mechi mbili zilizofuata bila kucheza, wakaondolewa mashindanoni. Ligi ilikuwa na haki ya kulinda mkataba wake. Hata hivyo waliorudi nyumbani bila kucheza walikuwa wachezaji, ambao hawakuandika mkataba ule wala hawakufunga mpaka.

Mwaka uliofuata Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kufika hatua hiyo ya BAL. Kwa hiyo swali la nidhamu na sura ya mchezo si la Marekani peke yake tena, na sehemu ya swali hilo inayopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi ni ile ya kalamu.

Julai 2007 iligundulika kwamba mwamuzi wa NBA aitwaye Tim Donaghy, aliyekuwa amechezesha kwa misimu 13, alikuwa akicheza kamari juu ya mechi alizozisimamia mwenyewe na kuwauzia wacheza kamari siri za ndani. Alikiri makosa na mwaka wa 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Hakuna kiti kilichorushwa wala damu iliyomwagika. Lakini tangu siku ile shabiki aliyeona filimbi ya ajabu alianza kujiuliza swali ambalo ngumi ya Washington haikumfanya ajiulize: je, matokeo haya ni ya kweli?

Baada ya mwaka wa 2018, mahakama kuu ya Marekani ilipoziruhusu serikali za majimbo kuhalalisha kamari ya michezo, NBA yenyewe iliingia mikataba na kampuni za kamari. Zikaenea dau zisizohusu timu itakayoshinda, bali idadi ya pointi ambazo mchezaji mmoja atafunga. Dau ya namna hiyo inamhitaji mtu mmoja tu aliye tayari kuharibu. Machi 20, 2024, Jontay Porter wa Toronto Raptors, mchezaji wa akiba asiyejulikana sana, aliingia uwanjani, akacheza dakika tatu, akasema anaumwa, akatoka. Mtu aliyekuwa amedokezwa mapema aliweka dola 80,000 ili apate milioni 1.1 ikiwa Porter angefunga kidogo. Kampuni ya kamari ilishuku na haikulipa. Kamishna Adam Silver alimfungia Porter maisha Aprili 17, na mwezi Julai Porter akakiri kosa la jinai mahakamani.

Kenya ililijua tatizo hilo mapema katika soka. Mwaka wa 2019 FIFA ilimfungia aliyekuwa beki wa Harambee Stars, George Owino, kwa miaka 10 kwa kushirikiana na mpanga matokeo wa kimataifa. Februari 2020 ikawafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz, mmoja wao maisha. Wachezaji wa klabu zetu mara nyingi hukaa miezi bila mshahara, na anayekuja na bahasha hujua hilo. Si udhuru, ila ni maelezo. Porter naye alikuwa amezama katika madeni ya kamari.

Hapo ndipo Tarbaj inapoingia katika hadithi hii kwa namna ambayo haikuwezekana mwaka wa 1977. Ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Kenya haina timu kutoka huko, na mechi za NBA huchezwa usiku wakati wengi wamelala. Lakini mtu mwenye simu anaweza kuweka mkeka juu ya pointi za mchezaji ambaye hajawahi kumwona akikimbia. Kamari ni haramu katika dini ya wakazi walio wengi wa eneo hilo, na wazee huikemea. Simu haina mzee wa kuikemea. Mchezo unaweza kuchelewa miaka mingi kufika mahali, kamari yake ikatangulia.

Baada ya kashfa ya Porter, kampuni zinazoshirikiana na NBA zilikubali kuondoa dau za kumtabiria mchezaji wa mkataba mdogo kwamba atafanya vibaya. Hatua hiyo haikuzihusu kampuni zisizo na mkataba na ligi, wala haikuwahusu wachezaji wa mishahara minono. Oktoba 23, 2025, maafisa wa shirikisho walimkamata Terry Rozier wa Miami Heat, akituhumiwa kutoa siri kwamba angetoka mapema katika mechi ya Machi 2023, alipokuwa Charlotte. Siku hiyo hiyo alikamatwa kocha wa Portland Trail Blazers katika kesi nyingine, ya michezo ya karata iliyodaiwa kupangwa matokeo. Kocha huyo ni Chauncey Billups, yule yule aliyefungiwa mechi moja kwa vurugu za Auburn Hills. Wote wawili walikanusha mashtaka.